Kibao Kisichotaja Saa: Niliyojifunza Kuhusu Maegesho ya Wakazi Uingereza

Mtoto wa kaka yangu ana tabia moja ambayo vijana wengi wa rika lake hawana: kabla hajaliacha gari katika mtaa asioujua, hupiga picha ya kibao cha maegesho na kunitumia kwa WhatsApp. Mimi niko Mbeya, mtaa wa Forest. Yeye yuko kaskazini mwa Uingereza, anakosoma huku akifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, kazi ileile niliyoifanya mimi kwa miaka kadhaa kabla sijarejea nyumbani. Picha huja na salamu yake: "Shikamoo shangazi. Hapa naruhusiwa?" Nami nikishaitikia, humuuliza maswali kabla ya kumjibu, kwa sababu picha ya kibao kimoja mara nyingi haitoshi kutoa jibu.

Ugumu wa jambo hili hautokani na lugha, kwa maana Kiingereza cha kijana huyu ni kizuri kuliko changu. Unatokana na mazoea ya mahali tulipolelewa. Katikati ya mji wa Mbeya, unapoegesha kandokando ya barabara, jambo hilo hushughulikiwa na mtu: mkusanyaji wa ushuru wa maegesho anakuja na kifaa chake, anachukua namba ya gari, na deni linabaki kwenye namba hiyo hadi utakapolilipa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa kumbukumbu namba ya malipo. Ukiwa na shaka unamuuliza. Akikuona unataka kuziba lango la duka, kuna mtu atakayekupigia kelele kabla hujashuka, na pengine mwingine atakayekuelekeza urudi nyuma, ukate kushoto, usimame. Kule Uingereza hakuna wa kuuliza. Kuna nguzo, kibao na michoro iliyo chini barabarani. Mkaguzi hupita ukiwa umeshaondoka, naye hana haja ya kukusubiri. Kwa hiyo dereva analazimika kukisoma kibao kwa utimilifu wake, na nilichojifunza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia ni kwamba sehemu kubwa ya amri ya kibao imo katika yale ambayo hakikuyaandika.

Inafaa kwanza ieleweke kwa nini vibali vya wakazi vipo. Kaka yangu, ambaye ana ua mpana kule Iyunga wa kugeuzia hata Fuso, aliposikia kwamba mwanawe analipa ili aegeshe mbele ya nyumba anayoishi, aliniuliza kama huo si unyang'anyi. Nilimweleza kwamba mitaa mingi ya miji ya Uingereza ina nyumba za matofali zilizojengwa kwa kushikana ukuta kwa ukuta, nyingi kabla magari hayajawa kitu cha kila kaya, na hazina ua wala lango la kuingizia gari. Pahali pekee pa kuweka gari ni barabarani. Mtaa kama huo ukiwa karibu na stesheni ya reli, hospitali au chuo kikuu, wageni huujaza asubuhi na kuuacha jioni, na mwenye nyumba anayerudi kutoka zamu ya usiku hakuti nafasi. Ndipo halmashauri hutangaza eneo la vibali, kila eneo likiwa na herufi au namba yake, na wakazi hununua kibali cha eneo lao. Kaka alielewa, ingawa hakuridhika, na hakuridhika zaidi nilipomwambia kwamba kibali hakimtengei mtu nafasi. Kinampa ruhusa ya kuitafuta pamoja na majirani zake; zikijaa zote, anazunguka. Wala kibali cha eneo moja hakifai katika eneo jingine, hata kama mpaka wa maeneo hayo mawili ni barabara nyembamba ambayo mtu angeivuka kwa hatua chache.

Sasa nije kwenye vibao vyenyewe. Kibao cha kawaida cha maegesho kina herufi P nyeupe ndani ya mraba wa buluu, na chini yake au pembeni yake maneno yanayotaja ni nani anaruhusiwa, siku zipi, saa zipi na kwa muda gani. Kila mstari unaoongezwa hupunguza au kupanua amri iliyotangulia. Picha ya kwanza aliyonitumia mpwa wangu ilionyesha kibao chenye maneno yanayosema wenye vibali tu, namba ya eneo, kisha Jumatatu hadi Jumamosi, 8 asubuhi hadi 6 jioni. Alichotaka kujua ni kama angeweza kuliacha gari lake hapo Jumapili akienda kanisani. Nilimjibu kwamba anaweza: nje ya siku na saa zilizoandikwa, masharti ya nafasi hiyo hayafanyi kazi, na mtu yeyote anaweza kuegesha bila kibali wala malipo, ilimradi aondoke kabla saa hazijaanza tena Jumatatu.

Saa zenyewe zinahitaji uangalifu kwa sisi tunaohesabu siku kuanzia macheo. Tukizungumza kwa simu, 8 ya asubuhi katika kibao ni saa mbili, na 6 ya jioni ni saa kumi na mbili, na nimewahi kuwasikia watu wawili, wote wa kwetu, wakielekezana kwa saa ambazo kila mmoja alikuwa akizihesabu kwa namna yake. Mimi na kijana wangu tumekubaliana kwamba katika suala la maegesho anitajie tarakimu kama zilivyo kwenye kibao, na mengine yote tuyaseme kwa saa zetu.

Picha ya pili ndiyo iliyokuwa na somo. Kibao kilikuwa na P, maneno ya wenye vibali tu na namba ya eneo, basi. Hakikutaja siku wala saa. Kijana aliandika kwamba, kwa kuwa hakuna saa, bila shaka usiku ni ruhusa. Hivyo ndivyo akili yetu inavyopenda kufanya: palipo kimya tunapahesabu kuwa pa wazi. Kanuni za alama za barabarani za Uingereza zinakwenda kinyume. Kibao kisichotaja saa kinatumika saa zote ishirini na nne, na kisichotaja siku kinatumika siku zote saba. Aliyetaja saa amekupunguzia mzigo. Asiyetaja hajakupunguzia chochote. Nilimwambia aondoke hapo, naye aliondoka, ingawa alilalamika kwamba mtaa mzima ulikuwa mtupu.

Lakini kanuni hiyo ina mlango wa pembeni, nao ndio unaowachanganya hata wenyeji. Kuna maeneo yanayodhibitiwa kwa ujumla wake, ambayo kila njia ya gari ya kuyaingilia huwekwa kibao kikubwa kinachotaja saa za udhibiti kwa eneo zima. Ndani ya eneo la namna hiyo, nafasi za maegesho zinazofuata saa zilezile zaweza kuwa na vibao visivyotaja saa, kwa kuwa saa zimekwisha kutajwa pale mlangoni. Kwa hiyo kibao kimoja, chenye maneno yaleyale, chaweza kumaanisha usiku na mchana katika mtaa mmoja, na kumaanisha 8 hadi 6 katika mtaa mwingine ulio ndani ya eneo lililozungushiwa vibao. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kijana huyu limekuwa moja siku zote: ulipokuwa unaingia, ulipita kibao gani? Mara nyingi hakumbuki, maana alikuwa anafuata sauti ya ramani ya simu, na ramani ya simu haikusomei vibao vya halmashauri. Humlazimu arudi kwa miguu hadi kwenye makutano ya barabara akaangalie.

Ipo pia mitaa isiyo na nafasi zilizochorwa hata kidogo. Pale inapoanza kuna kibao kinachosema kwamba kuanzia hapo na kuendelea ni maegesho ya wenye vibali tu. Mgeni akikikosa hicho, akafika katikati ya mtaa akaona lami safi isiyo na mstari, anaweza kuamini kabisa kwamba amefika nchi ya ahadi.

Siku za sikukuu nazo zina ukimya wake. Mwenzetu mmoja kazini, mama wa Njombe, aliegesha Jumatatu ya Pasaka katika nafasi ya wenye vibali, kwa hoja kwamba nchi nzima ilikuwa imepumzika. Kibao kilisema Jumatatu hadi Ijumaa. Jumatatu ya Pasaka ni Jumatatu, na kama kibao hakikuziondoa sikukuu, mtu achukulie kwamba masharti yanaendelea. Alikuta hati ya tozo kwenye kioo. Alinung'unika kwamba halmashauri yenyewe ilikuwa imefunga ofisi siku hiyo, na hoja hiyo ina utamu wake, lakini haikumsaidia.

Kuna aina moja ya saa ambayo nilipoiona mara ya kwanza niliidhani ni mzaha: eneo zima la vibali linalofanya kazi kwa saa moja tu kwa siku, tuseme kuanzia 10 hadi 11 asubuhi. Yule anayetaka kuacha gari karibu na stesheni akapande treni kwenda kazini hawezi kurudi katikati ya asubuhi kuliondoa, kwa hiyo saa hiyo moja inatosha kumfukuza kwa siku nzima, huku mafundi, wageni wa mchana na watu wanaokwenda dukani wakibaki huru kwa saa nyingine zote. Nimeona sheria nyingi zinazotumia rungu pale ambapo ufunguo ungetosha, na hii si mojawapo. Karibu na viwanja vikubwa vya mpira mambo huwa kinyume chake: kibao huongeza masharti kwa siku za mechi, na dereva anapaswa kujua kama leo timu inacheza nyumbani, hata kama hana habari na mpira.

Mistari ya njano pembezoni mwa barabara ni sura nyingine ya habari hiyohiyo. Mstari mmoja unamaanisha kwamba kuna saa ambazo huruhusiwi kusimamisha gari na kuliacha, na saa hizo zimo katika kibao kilicho karibu au katika kile cha kuingilia eneo. Mistari miwili inamaanisha wakati wowote, na haihitaji kibao chochote. Kijana wangu aliwahi kunitumia picha ya mistari miwili akiuliza kibao kiko wapi. Hakipo, nilimwambia, na hakitakuwepo. Kushusha au kupakia abiria kunaruhusiwa, na vilevile kushusha na kupakia mizigo, isipokuwa pale ambapo ukingo wa njia ya miguu umechorwa vialama vifupi vya njano: kialama kimojakimoja kina saa zake kwenye kibao, na viwili viwili vinakataza upakiaji wakati wote. Jambo jingine lisilohitaji kibao ni ukingo ulioshushwa ili gari liingie uani kwa mtu au ili kiti cha magurudumu kipite. Kuuziba ni kosa, hata kama hapajaandikwa neno.

Nimekaa sana na kilichoandikwa na kisichoandikwa, na sijasema ni kibao kipi hasa kinachokuhusu. Nguzo moja inaweza kubeba vibao viwili, kimoja kikiwa na mshale mdogo wa kushoto na kingine wa kulia. Mshale unaonyesha upande ambao amri inaenea. Gari likiwa kushoto mwa nguzo, kibao cha mshale wa kulia hakilihusu, hata kama ndicho kilicho usawa wa macho na kilichoandikwa vizuri zaidi. Aidha, nafasi huchorwa chini kwa mistari myeupe ya vipande, na pale nafasi moja inapoishia na nyingine kuanzia, masharti yanaweza kubadilika. Wengi hutafuta kibao kilicho karibu zaidi kwa hatua. Kinachotakiwa ni kibao kilicho ndani ya mchoro uleule uliomo gari lako, hata kama kiko mbali kidogo. Nilikuwa na mzee niliyekuwa nikimhudumia kila asubuhi ambaye mbele ya nyumba yake nafasi ya wakazi ilipakana na nafasi ya kulipia, na mstari uliozitenganisha ulikuwa umefifia kiasi kwamba siku ya mvua haukuonekana. Magurudumu ya mbele yakiwa huku na ya nyuma kule, mkaguzi ana haki ya kuandika hati. Ilinibidi niwe ninashuka na kuukanyaga ule mstari kwanza, ndipo nirudi kulipanga gari.

Nafasi za mchanganyiko ndizo zinazowafaa wahudumu wa majumbani. Kibao husema wenye vibali, au wengine kwa saa mbili, na wasirudi ndani ya saa mbili. Mwenye kibali hana kikomo. Asiye nacho ana saa mbili, na akiondoka hana ruhusa ya kulirudisha gari hapo hadi saa mbili nyingine zipite. Kuzunguka mtaa mara moja na kurudi kuegesha upya, jambo ambalo kila mtu hulifikiria, ndilo hasa lililokatazwa. Baadhi ya halmashauri hutoa vibali maalumu kwa wanaowahudumia wagonjwa na wazee nyumbani, na nilimsisitizia kijana aulize kwa mwajiri wake kabla ya kitu kingine, kwa kuwa ratiba ya kazi ile haikupi dakika za kuzungukazunguka.

Kuhusu dakika, liko jambo linalosemwa vibaya na karibu kila mtu niliyekutana naye kule. Tangu 2015 sheria ya England inamtaka mkaguzi asitoe hati hadi dakika 10 zipite baada ya muda halali wa kuegesha kwisha katika nafasi iliyotengwa. Watu wameigeuza kuwa dakika kumi za bure popote. Sivyo. Mtu aliyeegesha kihalali, muda wake ukaisha, ndiye aliyepewa dakika hizo. Aliyesimama kwenye mistari miwili ya njano, au aliyeingia katika nafasi ya wenye vibali bila kibali, hakuwa na muda halali wa kumalizika, kwa hiyo hana cha kuongezewa.

Kuna wakati kibao cha kudumu huwa hakina kauli. Halmashauri ikitaka kuchimba bomba, au mkazi akihama na kuhitaji lori mbele ya mlango, hufungwa kibao cha muda cha rangi ya njano chenye tarehe, kinachosimamisha nafasi. Hapo hata mwenye kibali halali haruhusiwi. Aliyeacha gari Jumamosi na kusafiri wiki nzima anaweza kurudi akute nafasi yake imesimamishwa katikati ya wiki, na ndiyo maana kule majirani wema huachiana namba za simu.

Vibali vyenyewe siku hizi katika halmashauri nyingi havibandikwi tena kiooni. Vimefungwa kwenye namba ya gari ndani ya kompyuta, na mkaguzi hukagua namba kwa kifaa chake. Ni rahisi, lakini herufi O ikiandikwa mahali pa sifuri, kibali kilicholipiwa kinakuwa cha gari lisilokuwepo duniani. Vibali vya wageni bado mahali pengine ni kadi za kukwangua, ambapo mwenyeji hukwangua mwezi, tarehe na siku, na kadi iliyokwanguliwa nusu haihesabiwi. Kaka yangu alipanga kwenda kumtembelea mwanawe mwezi Julai na akaagiza anunuliwe kadi hizo mapema. Ilibidi nimkumbushe kwamba anakwenda kwa ndege.

Hati ikitolewa, hesabu zake ni hizi: katika maeneo mengi ya England nje ya London, kuegesha bila kibali katika nafasi ya wenye vibali kuna tozo ya pauni 70, ambayo hupunguzwa hadi nusu, yaani 35, ukilipa ndani ya siku 14. Asiyelipa wala kupinga hutumiwa ilani ya mmiliki wa gari, na akiendelea kunyamaza, tozo huongezwa kwa nusu yake. Anayepinga huandikia halmashauri kwanza. Ikimkatalia katika hatua rasmi, anaweza kwenda kwenye baraza huru la rufaa bila kulipa ada.

Mpwa wangu amefika hatua ya kuandika mara moja. Alikuwa ameegesha kwenye mstari mmoja wa njano usio na kibao karibu, mchana, na hati ilisema yumo ndani ya eneo linalodhibitiwa. Nilimuuliza swali langu la siku zote. Alirudi kwa miguu hadi mwanzo wa mtaa akakuta kibao cha kuingilia kipo kweli, lakini matawi ya mti wa jirani yalikuwa yamekifunika kiasi kwamba kwa aliyeketi garini kilichoonekana ni ukingo wake tu. Alipiga picha akiwa amesimama barabarani, kwa kimo cha dereva, akapiga nyingine ya mstari, akaziambatisha kwenye maelezo mafupi yasiyo na hasira, kama nilivyomwagiza. Halmashauri ilifuta tozo kwa barua ya sentensi chache ambayo haikusema lolote kuhusu mti, na mara ya mwisho alipopita hapo matawi yalikuwa bado hayajakatwa.